Tupeane uzoefu: Umewezaje kubaki na nguo chache, nzuri na zinazodumu?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naanza mwenyewe ili asionekane mtu anachimbwa.

Mwaka juzi kabati langu lilikuwa halifungi mpaka nisukume mlango kwa goti. Na kila asubuhi nasimama mbele yake nalalamika sina nguo. Siku moja nikageuza henga zote, kulabu zitazame upande mmoja. Nguo niliyovaa ikishafuliwa, inarudi na henga yake inatazama upande wa pili. Miezi sita ilipoisha nikahesabu: nguo 61, zilizogeuka 17. Kumi na saba tu! Na humo ndani kulikuwa na shati moja la kitani, la bluu, ambalo nilikuwa nalivaa karibu kila wiki mpaka kola ikaanza kuota manyoya.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kujiuliza kwa nini mkono wangu unaliendea shati lile, nikafuata orodha ya watu: shati jeupe, suruali nyeusi, koti la rangi ya mchanga, sweta la kijivu. Nikanunua vyote. Mwezi mzima nilijiona nimevaa sare ya kazi ambayo sijaajiriwa. Nguo nyeupe sina subira nayo, na koti naweza kumaliza miezi bila kulihitaji.

Nikaanza upya, safari hii nikianzia kwa lile shati la bluu: kitambaa kinachopitisha hewa, bega lisilobana, rangi isiyonifanya nikae nikijikagua. Leo nina nguo 24, ukiacha za ndani na za mazoezi.

Nyie mmefikaje? Mliofeli karibuni pia, tena nyie hasa.

Sindano

Mleta uzi, umegusa penyewe. Mimi ni fundi cherehani, miaka mingi sasa. Watu wananiletea nguo ya gharama iliyofumuka baada ya kuvaliwa mara nne, wanashangaa. Lebo haishoni, jamani.

Kabla hujalipa, geuza nguo ndani nje. Weka kidole gumba juu ya mshono, uhesabu hatua za sindano katika upana wake, karibu sentimita 2.5. Ukipata 10 au 12, sawa. Ukipata sita, siku ukikaa kwenye kiti kifupi utasikia mlio. Halafu shika kitambaa pande zote mbili za mshono, vuta kidogo. Ukiona mwanga na nyuzi zimejipanga kama meno ya kitana, irudishe ilipokuwa.

Tazama pia akiba ya kitambaa. Suruali yenye sentimita moja na nusu au zaidi pale nyuma ya kiuno, mimi naweza kukupanulia siku mwili ukiongezeka. Iliyokatwa ukingoni ikapigwa ovaloki, hata ukilia sina cha kukusaidia.

La mwisho, lile ninalolipenda. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo, zishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, uziwashe. Pamba na kitani huungua kama karatasi, na majivu yake ni laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nimeletewa "sufu halisi" nyingi zikaacha kidonge.

Mpita Njia

Fundi, heshima kwako. Mimi ni wa kundi la waliofeli.

Nilipata mzuka wa kupunguza vitu. Wikendi moja nikagawa magunia matatu ya nguo, nikalala usingizi mzito kama mtoto. Wiki tatu baadaye naitwa usaili wa kazi. Sina viatu vya kamba, sina koti. Nikaazima la shemeji, mikono inafika kwenye vidole. Muda wote nikawa naongea na wale wakuu huku nimeficha viganja chini ya meza.

Kazi nilipata, lakini nimekoma. Siku hizi nguo nisiyo na uhakika nayo inaingia kwenye sanduku, naandika tarehe juu, nalisukuma uvunguni. Ikipita miezi minne sijalikumbuka, linatoka bila kufunguliwa. Kufungua ndiko kosa, maana ukifungua tu unaanza kuzionea huruma.

Mama wa Wawili

Ningeomba hizi hesabu za 17 na 24 tusizifanye amri. Ndani ya miaka mitatu mimi nimepita saizi tatu, kwenda na kurudi. Nilipojaribu kubaki na nguo chache zinazonikaa sawasawa, miezi mitano baadaye hakuna iliyofunga zipu.

Zilizonivusha ni za kufunga mwenyewe: gauni la mkanda linalopishana mbele, sketi ya kujizungushia, suruali ya kamba kiunoni. Gauni moja, la kijani kibichi, pamba nzito, nimelivaa na mimba mbili na bado nalivaa. Mkanda wake una mstari uliopauka pale fundo lilipokuwa likikaa, kisha mstari wa pili, kisha wa tatu. Mtu anaweza kusoma mimba zangu pale.

Na @Sindano, ile habari ya akiba ya kitambaa ungetuambia miaka sita iliyopita.

Kola Ngumu

Samahani, nitaharibu sherehe kidogo.

Ukiwa na mashati matano ya kazini kwa siku tano za wiki, kila moja linafuliwa mara 52 kwa mwaka. Ukiwa na kumi, ni mara 26. Kwa hiyo uchache wenyewe unachakaza. Na jambo hili la nguo chache si geni: Susie Faux alilisimamia katika duka lake London tangu miaka ya 1970, na mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Donna Karan akaonyesha New York vipande saba vya kuchanganya na kupishanisha. Wote wawili walikuwa wanauza nguo, wakuu. Tusisahau.

Mimi kilichokuwa kinaniulia nguo ni kufua. Nilikuwa na sweta la sufu, zawadi ya baba. Nikalitia kwenye maji ya moto, nikalisugua kama dekio. Lilitoka nene, gumu, linamtosha mtoto wa miaka mitano. Baadaye ndiyo nikaelewa: unyuzi wa sufu una magamba madogo, joto na msuguano huyafanya yang'ang'aniane, na hapo hakuna kuvuta wala kupasi kutakakolirudisha. Bado ninalo. Sijui nalitunzia nini.

Sasa hivi: sufu kwa maji ya baridi, naikamua kwa kuibana ndani ya taulo, naianika ikiwa imelala. Nguo nyeusi nageuza ndani nje na kuanika kivulini, la sivyo jua linazifanya za kahawia. Sweta nakunja, situndiki, mabega yakivutika ndiyo basi. Na si kila kilichovaliwa kinastahili kufuliwa, suruali ya jinzi inaweza kupigwa upepo tu ikarudi kazini.

Mleta uzi

@Kola Ngumu hesabu yako nimeikubali, imeniuma lakini nimeikubali. Ninachoweza kusema ni kwamba nikiwa na chache naona kifungo kinapoanza kulegea. Zamani nilikuwa nakigundua kikiwa kimeshadondoka njiani.

Lile shati la bluu nililipeleka kwa fundi kola ikageuzwa, upande uliochakaa ukaingia chini. Nilikuwa sijui hilo linawezekana. Alifumua, akageuza, akashona palepale penye mshono wa zamani, nusu saa. Huwezi kujua mpaka uinue kola.

Sindano

Kugeuza kola ni kazi ya kale sana hiyo. Wateja wanaoniomba hawafiki watatu kwa mwaka. Huyo fundi wako usimwache.

Mgeni Hapa

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Nimenyanyuka nikaigeuza suruali mpya niliyonunua juzi, nikaweka kidole gumba. Nimepata tano. Nikahesabu upya, nikijipendelea, nikapata tano na nusu.

Risiti ninayo. Kesho asubuhi naenda.