Mchuzi mzito wa bata mzinga wa Krismasi: unga wa ngano, konflawa au karanga?

Binti_Kanyenye (Tabora)
Wadau wa jikoni, habari za jioni. Mwaka huu Krismasi inaliwa kwetu, na baba ameshapitisha hukumu: lile dume la bata mzinga linalofukuza watoto uani halioni Januari. Likishanyonyolewa na kutolewa matumbo nakadiria kilo 5 hivi, na kuna kuku wawili wa kulisindikiza. Watu ni kama 20. Nitaoka kwenye sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko.

Shida yangu ni mchuzi. Sisemi rosti ya nyanya, hiyo tunaijua. Nasema ule mchuzi mzito wa kahawia unaopikwa kwa mafuta na maji yanayodondoka nyama ikiokwa, ambao Wamarekani humwagia bata mzinga na viazi vya kuponda kwenye sikukuu yao ya shukrani mwezi Novemba. Kwetu utaenda na wali mweupe. Nimebaki na njia tatu za kuufanya ushike: unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta ya huyohuyo bata, konflawa (ule unga mweupe wa wanga wa mahindi, si sembe), au karanga za kusaga, maana hapa Tabora karanga hazituishii. Ipi inavumilia zaidi? Wageni wetu wanatoka kanisani kwa awamu, kwa hiyo chakula kitapashwa zaidi ya mara moja.

MamaTunu_Gungu (Kigoma)
Ngano, mdogo wangu. Ukishasema kupasha, umeshajijibu mwenyewe. Mchuzi wa ngano ukipoa unaganda, ukiurudisha jikoni na supu kidogo unakuwa kama ulivyokuwa.

Vipimo ni hivi: kikombe cha mililita 250 kinataka vijiko vikubwa 2 vya unga na mafuta kiasi hichohicho. Watu 20 wape lita moja na nusu, yaani vikombe 6, basi ni vijiko 12, kama gramu 100. Kaanga unga kwenye mafuta kwa moto mdogo huku unakoroga, hadi harufu ya unga mbichi iondoke na rangi ifanane na karanga iliyokaangwa. Ukiipeleka rangi mbele zaidi utapata ladha nzuri, ila unga ulioungua hivyo unapoteza nguvu ya kushika, ongeza kijiko kimoja au viwili. Hapo mimina supu ya vuguvugu kidogo kidogo, usisite na mwiko. Ikishalainika iache itokote polepole dakika 10. Mabuja yakitokea usipigane nayo, chuja tu.

Na hiyo supu iandae jana yake. Shingo, firigisi, moyo, ncha za mabawa: vikaange kwanza vipate rangi, kisha maji lita 2 na nusu, kitunguu, karoti, punje chache za pilipili manga, moto wa chini saa 2 au zaidi. Chumvi usitie. Nyama utaipaka chumvi, na yanayodondoka chini yatakuwa na chumvi tayari. Supu yenye chumvi ikikutana nayo, mchuzi hauliki. Ini usilichemshe humo, likikaa sana linaleta uchungu. Likaange pembeni, ulikatekate, uliingize mwishoni kama wageni wako wanalipenda.

Fundi_Uvinza
Dada Tunu amepika kitabu kizima, lakini acheni niitetee konflawa. Unatumia nusu ya unga wa ngano, kijiko 1 kwa kikombe. Dakika moja imeshika. Mchuzi unang'aa, hauna ladha ya unga, na mgeni aliyekatazwa ngano na daktari anakula bila wasiwasi. Sharti ni ikorogwe kwenye maji baridi kwanza, kisha iingie kwenye supu inayochemka. Ukiimwaga kavu umekwisha.

Nakubali kwamba ikichemka muda mrefu au ikipashwa inalegea, na limau nyingi inailegeza pia. Kwani lazima upashe? Supu na mafuta vikae tayari, kila awamu ya wageni ikifika unapika mchuzi mpya. Na chumvi nunueni ya kwetu Uvinza, tusisahauliane sikukuu.

Bibi_Sikonge
Wajukuu, mnababaika na unga wa dukani wakati karanga ziko kwenye gunia. Kaanga kwa moto mdogo, pukuchua na kupepeta maganda, saga hadi zianze kutoa mafuta. Zilainishe kwanza kwenye bakuli kwa supu ya vuguvugu, ndipo umimine kwenye sufuria. Moto wa chini na mwiko usitoke mkononi, karanga hushika chini upesi. Ukiona mafuta yake yanaelea juu, imeiva. Wali wenyewe utamaliza hapo hapo.

Dogo_Kibirizi (Kigoma)
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, huo ni mchuzi wa karanga, na ni mtamu, lakini bata mzinga humo humsikii. Karanga inafunika kila kitu. Kwa kuku wa kienyeji sawa, kwa dume la kilo 5 lililolishwa mwaka mzima naona ni hasara. Halafu Binti uliza mapema kama kuna mgeni mwenye mzio wa karanga, haswa watoto. Hilo si la mzaha, mtu anaweza kubanwa pumzi mezani.

Na kabla mtu wa kwetu hajasema mawese: hapana. Hata mimi niliyekulia kwenye mawese nasema yanageuza mchuzi rangi na kuushika kwa ladha yake. Yabaki kwenye maharage.

Bibi_Sikonge
Marahaba. Vijana wa ziwani mna maneno.

Binti_Kanyenye
Asanteni. Mama Tunu, kuna kitu kinanitatiza. Sufuria yenye mfuniko inabana mvuke. Nikioka kuku humo, chini napata maji meupe mengi, si yale ya kahawia. Mafuta ya kukaangia unga nitayapata wapi?

MamaTunu_Gungu
Swali zuri, na hapa ndipo mchuzi unapofia au kupona. Uniwie radhi naandika kwa urefu.

Bata akiiva (nyama ya paja, karibu na mfupa, isiwe na wekundu na maji yake yawe meupe, mwenye kipimajoto asome nyuzi 74) mtoe, mfunike, apumzike. Sufuria yenye yale maji usiioshe wala usiimwage. Irudishe kwenye mkaa bila mfuniko, iache ichemke. Mwanzoni itatoa mapovu makubwa na kelele ya maji. Yakipungua, mlio unabadilika, unakuwa mkali na mwembamba kama wa kukaanga, na utaona mafuta masafi yanatulia juu huku chini kumejitengeneza utando wa kahawia. Hapo simama karibu, maana kutoka kahawia hadi nyeusi ni kufumba na kufumbua. Utando ukiwa mweusi mchuzi utakuwa mchungu, na hakuna dawa.

Punguza moto. Chota mafuta weka kwenye kikombe, ndiyo ya kukaangia unga; yasipotosha vijiko 12 jazia siagi au mafuta ya kula. Kisha mwaga supu kikombe kimoja kwenye sufuria ya moto, kwangua utando wote kwa mwiko wa mti hadi chini kung'ae. Hayo maji ya kahawia ndiyo mchuzi wenyewe. Uwe wa ngano, uwe wa konflawa ya Fundi, bila hayo unakula uji wa chumvi.

Mpishi_Ujiji
Hapo umesema kweli mama. Naongezea mawili. Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema ukwangue hiyo sufuria kwa divai. Kama kwenu mna majirani Waislamu mezani, na Tabora mtakuwa nao, tumieni supu tu na matone machache ya limau mwishoni. Na kuchinja mpeni jirani Mwislamu achinje, ili wote wale bila kuulizana.

La pili, vidonge vya supu. Ukiwa na supu ya mifupa huvihitaji, na vina chumvi nyingi.

Fundi_Uvinza
Kidonge kimoja kwa lita mbili hakijaua mtu.

Mpishi_Ujiji
Hakijaua, ila kila mchuzi unakuwa na ladha moja, wa bata, wa ng'ombe, hata wa kisamvu.

Binti_Kanyenye
Nimeamua: sufuria kubwa ni ngano. Konflawa naiweka akiba, shemeji yangu hali ngano, nitampikia kikombe chake peke yake. Bibi, karanga nitazipika kwa wale kuku wawili, bakuli lake mbali na mengine na mwiko wake. Na kama mchuzi wa ngano utabaki?

MamaTunu_Gungu
Usikae mezani zaidi ya saa 2, joto la Desemba si la kuchezea. Kwenye friji unakaa siku 3 hadi 4. Ukiupasha uchemke kabisa, usiishie kuwa vuguvugu.

Dogo_Kibirizi
Watu 20, bata kilo 5, halafu mnajadili kiporo?