Ushauri wenu wakuu: barua za marehemu baba kutoka vitani Uganda, 1979

Mwana wa Bunda
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa mwenye ujuzi wa kutunza karatasi za zamani. Mama yangu ana barua kumi na moja ambazo marehemu baba alimwandikia alipokuwa Vita vya Kagera. Baba alikuwa mgambo, alichukuliwa mwishoni mwa 1978. Barua zimeandikwa kwenye karatasi za daftari kwa wino wa bluu, na kwa miaka yote zimekaa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Mimi ni wa 1982, vita nimevisikia kwa wakubwa tu, lakini nikishika zile karatasi mikono inatetemeka. Kila moja inaanza na salaam nusu ukurasa, "hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu", ndipo anauliza kama mvua imenyesha.

Karatasi moja imechanika kwenye mkunjo na wino unapotea. Nimeibandika selotepu. Je, nimekosea? Na kuna njia ya kurudisha wino uonekane vizuri? Nawasilisha.

Kalamu ya Wino
Umekosea, lakini si kosa la kulia. Gundi ya selotepu inageuka njano na kula karatasi. Usibandue kwa nguvu na usiongeze nyingine. Wino uliofifia usiupitishie kalamu juu, utaiua barua. Piga picha kila ukurasa mchana, kivulini, karatasi ikiwa imelala tambarare. Zikunjue, ziweke kwenye bahasha za karatasi, kila barua na yake. Mifuko ya nailoni achana nayo, inashika unyevu. Na usizipeleke stesheneri kuwekewa plastiki ya moto, nimeona watu wameharibu vyeti vya babu zao hivyo.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Dar wana watu wa kazi hii. Waulize.

Mjukuu wa Koplo
Umenikumbusha mbali mkuu. Babu yangu alikuwepo kuanzia Kyaka, wakati Amin ameshalipua daraja na kutangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Babu alikuwa akisimulia hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978 kama anasoma sala: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Waliisikilizia redioni kwenye kilabu cha pombe, na kesho yake vijana saba wa kijiji wakaenda kujiandikisha. Walirudi watano.

Kitu alichokumbuka kuliko risasi ni viatu. Mvua, tope, na kutembea. Watu wanadhani jeshi lilipanda magari mpaka Kampala. Babu alitembea. Alituma barua mbili tu kwa bibi, na zote zilikuwa zinauliza habari za ng'ombe mmoja aliyekuwa na mimba. Bibi alinuna mpaka anakufa.

Chuma cha Reli
Zamani mume anaandika kurasa tatu chini ya mabomu. Mimi nikiwa safarini nikituma "nimefika", mke wangu ananijibu kidole gumba 😂

Mama Wawili
Mwana wa Bunda, pole na hongera kwa kutunza. Ila nina swali. Umesema kopo liko kwa mama, na barua ni kumi na moja. Hii iliyochanika unayo wewe, umeibandika wewe. Kwa nini karatasi moja iko kwako na nyingine ziko kwa mama?

Mwana wa Bunda
Niliichukua nije kuitengeneza Mwanza. Kijijini hakuna vifaa.

Mama Wawili
Mama anajua kwamba umeichukua?

Mwana wa Bunda
Mama macho yamepungua sana, mtoto wa jicho. Na hata zamani hakuwahi kusoma vizuri mwandiko wa kuunganisha, kisomo cha watu wazima aliishia kwenye herufi kubwa. Barua alikuwa akisomewa.

Kalamu ya Wino
Hujajibu ulichoulizwa, mkuu.

Mwana wa Bunda
Sawa. Nilidhani nitapata ushauri wa karatasi niishie hapo, lakini ngoja niseme.

Baba hakurudi. Aliuawa Lukaya, usiku wa Machi 10 kuamkia 11, 1979, pale Walibya walipowashambulia kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Kaburi lake liko Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita. Barua zote mama alisomewa na baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Baada ya msiba wazee wakakaa, na baba mdogo akamrithi mama. Wanaishi pamoja mpaka leo.

Desemba nilipokwenda, mama aliniomba nimsomee zote, toka ya kwanza. Nikafika barua ya mwisho, ile tunayoiita nyumbani barua ya Masaka, ya Februari 20. Ina karatasi tatu. Mama anaijua kwa moyo, akawa ananitangulia maneno. Ya tatu akasema, "Hapo ndipo anasema amemwachia mdogo wake atuangalie."

Haikuandikwa hivyo. Imeandikwa: nisiporudi usikubali kurithiwa, hata na mdogo wangu. Ana moyo mzuri lakini hutakuwa na sauti. Cherehani ni yako, mbuzi ni wako, rudi kwenu na mtoto umsomeshe.

Nikasoma kama mama alivyosema. Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, hakuinua kichwa. Usiku nikaitoa ile karatasi kwenye kopo, ikachanika.

Sijamdanganya mama. Nimemsomea alichozoea kusikia kwa miaka zaidi ya arobaini. Wana wajukuu, baba mdogo ana presha na kisukari, hakuwahi kumpiga hata siku moja. Nimeamua kuitunza mimi, wakishatangulia wote wawili nitairudisha na wenzake. Nilitaka tu isifutike.

Mtumishi wa Bwana
Umefanya la busara kijana. Waheshimu baba yako na mama yako. Kuna kweli inayojenga na kuna kweli inayobomoa nyumba. Acha wazee wapumzike kwa amani.

Mama Wawili
Amani ya nani, mtumishi? Yule mama ameishi akiamini mumewe ndiye aliyemkabidhi. Inawezekana kila alipotaka kukataa alijiambia "ni neno la marehemu". Hiyo karatasi ni mali yake. Jina kwenye bahasha ni lake.

Wakili wa Kata
Kwa faida ya wengi: Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na kifungu cha 68 kinasema mjane ana uhuru wa kukaa anakotaka, kutoolewa tena, au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo mwaka 1979 sheria ilikuwa upande wake tayari. Tatizo hakuna aliyemwambia. Marehemu inaonekana alikuwa mtu wa kusikiliza redio.

Mjukuu wa Koplo
Tusimhukumu haraka baba mdogo. Piga picha: 1979, kijana wa miaka ishirini hivi, amekaa mbele ya shemeji yake, pengine na mama mkwe na majirani, maana barua kutoka vitani ilikuwa inasomwa ukumbi mzima. Anafika mahali kaka yake anasema asiachiwe mke. Atasoma kwa sauti? Na wakati huo kaka bado yuko hai kwa wanavyojua. Yawezekana aliona aibu tu, akapitisha. Halafu msiba ukaja, na lile neno likawa limeshasemwa.

Mama Wawili
Aibu ya dakika moja naielewa. Kwenye kikao cha wazee je, hakuwa na mdomo?

Hesabu Hazidanganyi
Samahani niwakatishe wakuu. Hii ni chai. Mnamjibu mtu bila kusoma. Uzi wa kwanza: "mimi ni wa 1982", "marehemu baba". Baba kafa Lukaya Machi 1979. Umekaa tumboni miaka mitatu?

Pili, "barua ya Masaka" ya Februari 20. Jeshi letu liliingia Masaka Februari 24. Barua imewahi kufika mji kabla ya jeshi. Mtunzi angefungua kitabu cha historia kwanza.

Chuma cha Reli
Duh. Nilishaanza kutoa machozi hapa.

Mtumishi wa Bwana
Kama ni uongo basi ni dhambi kucheza na majina ya mashujaa. Watu wamelala Kaboya.

Mwenye Shamba Sengerema
Nimesoma kurasa zote na mboga imeungua. Mods futeni.

Mjukuu wa Koplo
Hilo la Masaka taratibu. Babu alisema walikatazwa kuandika walipo. Mtu anaandika porini, barua inakaa wiki njiani, nyumbani wanaipa jina la mji waliousikia redioni. Februari 20 walikuwa kati ya Mutukula na Masaka, wanasogea. Mwana wa Bunda, ndani ya barua jina Masaka limeandikwa?

La mwaka 1982 nalo nangoja jibu.

Mwana wa Bunda
Masaka haijaandikwa popote. Anasema tu "huku tuliko kuna migomba kama kwa Wahaya, na usiku mizinga yetu inapiga mpaka vikombe vinacheza". Ilifika nyumbani baada ya Masaka kutangazwa redioni, ndiyo jina likaganda.

La 1982. Hili ndilo nililotaka lisiulizwe.

Mimi ni mtoto wa baba mdogo. Kwetu mjane akirithiwa, watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ya marehemu. Nimepewa jina la marehemu, shuleni niliandikishwa kwa jina lake, na yule aliyenizaa nimekua namwita baba mdogo. Aliyeachwa na baba ni dada yangu mkubwa, wa 1977. Mimi na wadogo zangu wawili tumekuja baadaye.

Kwa hiyo ile karatasi ikisomwa kama ilivyoandikwa mwaka ule, mama anabeba cherehani na dada anarudi kwao. Mimi sipo. Mnaniambia niisome kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kila mstari ninaousoma unanifuta.

Hesabu Hazidanganyi
Nimekosa, mkuu. Niwie radhi. Kwetu Usukumani naijua mila hiyo, ningepaswa kuuliza kabla ya kusema.

Binti wa Majita
Nilikuwa nasoma kimya. Mama yangu mzazi alirithiwa 1988. Hakukuwa na barua yoyote, kulikuwa na shangazi tu. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama angepewa nafasi angekataa. Alisema, "Ningekataa, na ningewapenda ninyi vilevile." Nililia siku mbili. Lakini tangu siku hiyo tunaongea kama dada na mdogo wake, ananieleza mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Mwana wa Bunda, unamkinga mama au unajikinga? Sikulaumu, nakuuliza.

Wakili wa Kata
Na dada yako je? Barua imesema "mtoto umsomeshe". Huyo mtoto ni yeye. Alisoma?

Mwana wa Bunda
Darasa la saba. Alifaulu, baba mdogo akasema hakuna pesa ya sare, akaolewa akiwa na miaka kumi na saba. Mimi nilisomeshwa mpaka chuo. Cherehani iliuzwa mwaka niliokwenda sekondari.

Hili sikuwahi kuliweka pamoja mpaka nilivyoliandika hapa.

Mama Wawili
Basi si mama peke yake wa kusomewa.

Mtumishi wa Bwana
Bado nasema nenda kwa hekima. Kaongee na baba mdogo kwanza, mpe nafasi aseme mwenyewe. Mzee wa presha ukimshtukiza mbele ya mkewe utabeba msiba.

Mwana wa Bunda
Wakuu, imebadilika. Dada amenipigia leo asubuhi. Mama alimwambia ashushe kopo, akazipapasa moja moja kwenye mkeka. Akasema, "Ya mwisho ilikuwa na tatu. Hizi ni mbili." Dada akamwambia labda zimeshikana. Mama akalamba vidole akazihesabu tena, kisha akasema, "Mwambie mdogo wako alete karatasi yangu." Baba mdogo alikuwepo. Dada anasema alinyanyuka akaenda zizini, na mpaka jua linazama hakurudi ndani.

Mjukuu wa Koplo
Nenda.

Binti wa Majita
Nenda, na dada yako awepo. Ukisoma usikimbilie karatasi ya tatu. Mama anataka kumsikia mumewe, si kusikia kesi.

Mwana wa Bunda
Nipo kwenye basi, tumepita Lamadi. Karatasi iko ndani ya kitabu, kitabu kwenye begi, begi nimelipakata. Nimempigia baba mdogo nikiwa stendi. Nilitaka kumweleza, akanikatisha, akasema, "Naijua. Njoo usome, nitakuwepo." Kisha akaniagiza dawa yake ya presha, imeisha.

Nitaanza na ya kwanza. Salaam zote, na ile ya mvua.

Mama Wawili
Mungu akutangulie. Mrejesho tafadhali, hata kama ni mstari mmoja.

Kalamu ya Wino
Na ile selotepu usiibandue njiani. Iache hivyohivyo, hata mama akiipapasa. Mwambie tu ilichanika mikononi mwako.