Mjadala: Jeti za Mtwara ziwe na bawa gumu au bawa linalopinda?

Mzee wa Shangani: Wanangu, nauliza kwa dhati. Nilipanda Dreamliner, ile jeti ya Boeing 787, kwenda Mumbai kutibiwa. Ndege inapaa, ncha ya bawa ikainuka mpaka nikashika kiti. Leo tunadai jeti zije kwetu kila siku. Mimi nasema bora ndege ya bawa gumu, hata pangaboi, ile ya mapanga yanayozunguka. Nani ananipinga?

Fundi Chikongola: Shikamoo mzee. Nakupinga kwa heshima. Bawa lile ni la nyuzi za kaboni, limeundwa lipinde. Machi 2010 Boeing walilivuta juu kama mita 7.6, kwa mzigo mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Lilihimili. Foromali ya jahazi, mti unaobeba tanga, kusi ikivuma haipindi? Watu wa Kusini tuache woga wa kishamba.

Binti Newala: Kishamba? Fundi, korosho za hao washamba ndizo zilizokusomesha. Omba radhi kwa mzee.

Kijana wa Ligula: Mbona nilisikia kuna bawa la Boeing lilipasuka kwenye majaribio? Na la Airbus pia.

Fundi Chikongola: La 777 walilivunja makusudi, Januari 1995, likafika asilimia 154 ya mzigo huo mkubwa unaotarajiwa angani. La A380 mwaka 2006 lilikatika karibu na 145, chini ya 150 inayotakiwa, wakaliimarisha. Na wewe dada, sijamtukana mtu.

Mwalimu Mikindani: Fundi unakwepa. Kupinda peke yake si tatizo, tatizo ni flata. Upepo unatikisa bawa, mtikisiko unabadilisha nguvu ya upepo juu ya bawa, nguvu hiyo inazidisha mtikisiko, na bawa linaweza kung'oka kwa sekunde chache. Lockheed Electra mbili zilianguka hivyo Marekani, 1959 na 1960, watu 97 wakafa. Vishikio vya injini vililegea, injini na panga zake zikayumba hadi bawa likakatika. Dawa ilikuwa nini? Kukaza! Halafu 2003 Helios, ndege isiyo na rubani ya NASA, shirika la anga la Marekani, bawa jembamba la mita 75, ilipinda kupita kiasi kwenye upepo wa Hawaii, ikasambaratika baharini. Nijibu hapo.

Binti Newala: Mwalimu, asante, lakini huyu kwanza ajibu la ushamba.

Fundi Chikongola: Nimesema woga wa kishamba, sikusema watu washamba! Nasafiri Dar na Mtwara tangu barabara ya vumbi. Naujua Kusini kuliko wewe.

Kijana wa Ligula: Barabara gani? Mei 2024 mafuriko yalikata njia pale Somanga, wagonjwa wakakwama njiani. Wenye nauli ya ndege ndio walioondoka.

Mzee wa Shangani: Fundi, radhi nimekupa. Ila Mwalimu bado hajajibiwa.

Fundi Chikongola: Radhi yako nzito, mzee, nimeelewa. Mwalimu, Electra zilikuwa pangaboi. Ndege anazozitaka mzee.

Mwalimu Mikindani: Hilo si jibu. Nauliza nani anapima ugumu wa vishikio baada ya miaka ishirini ya kutua kwa kishindo.

Binti Newala: Mie nadai daraja la Somanga lijengwe la kudumu. Gunia la korosho halipandi Dreamliner.

Kijana wa Ligula: Naunga mkono. Tuanze na Somanga.