Naomba ushauri: nimetengeneza wimbo juu ya kanda ya zamani ya vugo, na kila aliyeusikia anasema umeupita wa asili

Kijana wa Langoni (Lamu)
Assalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni kijana wa hapa Amu, mpiga udi wa kujifundisha mwenyewe, na tangu mwaka juzi nina studio ya chumba kimoja nyumbani kwetu: kompyuta, maikrofoni moja, na magodoro mawili niliyoyasimamisha ukutani ili kuzuia milio ya punda na mashine za boti. Mwezi uliopita nilipata kaseti ya vugo, ile ngoma yetu ya harusi inayopigwa kwa pembe, iliyorekodiwa harusini mwaka 1979. Nilikata kipande cha sekunde 11, ambapo mwanamke mmoja anaimba na wenziwe wanampokea kwa pembe, nikakizungusha, kisha nikaweka udi wangu juu yake na besi chini yake. Rafiki zangu watano walioisikiliza kazi hii wamesema ni bora kuliko ile ya zamani, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe ikiwa ni majivuno, naona hivyo hivyo. Swali langu ni moja tu: je, ni utovu wa adabu kuutoa wimbo unaoushinda ule ulioutegemea? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa usingizi umenipaa.

Mpenda Nai (Malindi)
Waaleikum salaam. Hakuna utovu wa adabu hata kidogo. Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi wa Abdel Halim Hafez, yule mwimbaji wa Misri, na wimbo wa "Khosara Khosara", ambao tuni yake ni ya Baligh Hamdi na ulitoka mwaka 1957, ulikuwa ukilia nyumbani kwetu kila Alhamisi jioni. Wamarekani Jay-Z, mwimbaji wa rapu, na Timbaland, mtayarishaji wake, walipoichukua tuni hiyo mwaka 1999 na kuujenga juu yake wimbo wa "Big Pimpin'", mzee alinuna kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimkuta akitikisa kichwa, akaniambia kwamba maneno ni ya kihuni lakini ngoma ile imeiamsha tuni iliyokuwa imelala kwa miaka arubaini. Toa wimbo wako.

Bi Mkubwa wa Mambrui
Mpenda Nai, umesahau kumwambia mwanetu kwamba mrithi wa Baligh Hamdi alikwenda mahakamani mwaka 2007, na kesi ikavutana mpaka mwaka 2015, jaji wa Marekani alipoamua kwamba mrithi huyo hakuwa tena na haki ya kushtaki.

Mwanangu, mimi ni mtu wa umri na taarabu nimeila na chumvi. Juma Bhalo alikuwa akichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitia mashairi ya Kiswahili, na sisi wasichana wa wakati ule tulipokwenda sinema na kuzisikia zile tuni kwa Kihindi, tulirudi nyumbani tukilalamika kwamba Wahindi wamemwibia Bhalo. Kwa hiyo usiniambie kwamba kuazima ni jambo jipya pwani, wala kwamba mwazimaji hawezi kumpita mwenye mali. Lakini Bhalo alichukua tuni akaiimba kwa koo lake mwenyewe. Wewe umechukua koo la mtu. Huyo mwanamke anayeimba ni nani?

Nahodha Asiye na Chombo
Mimi niliwahi kumrekodi mke wangu akinigombeza kwa sababu ya samaki waliooza, nikamwomba mpwa wangu atie biti. Wimbo ulikuwa bora kuliko ugomvi wa asili, lakini nililala barazani kwa wiki moja. Nakushauri uanze kwa kuandaa mkeka.

Kijana wa Langoni
Nawashukuru wote. Bi Mkubwa, kaseti imetoka ndani ya familia, kwa hiyo sikuiba. Jina la mwimbaji sidhani kama lina uzito, kwa sababu nimeipunguza kasi sauti yake na hakuna atakayemtambua. Nilichouliza ni kuhusu ubora. Katika kaseti ile pembe zinagongana na vigelegele kiasi kwamba maneno yanazama. Katika kazi yangu kila neno linasikika.

Karani wa Mahakama Mstaafu
Tuzungumze kwa mujibu wa sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu kuisha kwa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo kaseti ya mwaka 1979 inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Ikiwa mashairi yana mtunzi anayejulikana, basi hayo hulindwa kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwimbaji naye ana haki zake juu ya uimbaji wake. Kuwa wimbo wako ni bora si hoja ya utetezi mahakamani.

Nitaongeza jambo moja. Mwaka 1969 kundi la Wamarekani lililoitwa The Winstons lilirekodi wimbo wa "Amen, Brother", na ndani yake mna takriban sekunde 6 ambazo mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake. Sekunde hizo zimekatwa na kutiwa katika maelfu ya nyimbo, na nyingi kati yake, kwa sikio langu, zinaushinda wimbo wenyewe. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa ajili ya sekunde zile.

Bi Mkubwa wa Mambrui
Karani amesema yake, nami narudia yangu, kwa sababu kijana amelizunguka swali kama paka anavyozunguka chungu cha moto. Mwimbaji ni nani, na je, yuko hai?

Kijana wa Langoni
Yuko hai. Ni bibi yangu, mzaa mama.

Naomba mnisikilize kabla ya kunihukumu. Bibi alikuwa mwimbaji wa vugo mashuhuri katika mitaa yetu, na vugo, kama mjuavyo, ni ngoma ya wanawake kwa wanawake. Aliporudi Makka aliacha kuimba, akamkabidhi mama yangu kaseti ile na kumwambia: "Kanda hini isisikiwe na wanaume." Mama aliitia katika mkebe wa Kimbo pamoja na hati za nyumba, na hapo ndipo nilipoikuta nilipotumwa kutafuta risiti ya maji. Lakini wasia ule ulihusu kanda, na mimi sikuitoa kanda. Nimetoa sekunde 11. Tena dijei mmoja wa Malindi ameshausikia wimbo, ameupenda, na amenilipa shilingi 8,000 ili aufungulie ukumbi Ijumaa usiku, katika harusi ambayo wanaume na wanawake watakuwa pamoja. Fedha nimeshanunulia nyuzi za udi na kulipa stima. Naona kwamba namtukuza bibi, maana sauti yake ingeozea mkebeni.

Mpenda Nai (Malindi)
Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Abdel Halim aliimba mbele ya kamera.

Mzee wa Kaseti
Mimi nimetengeneza redio na kuuza kanda kwa miaka ishirini na tano, na nasema kisa hiki kimetungwa. Kwanza, vugo haina udi. Pili, kaseti iliyokaa katika chumvi ya Amu tangu mwaka 1979 huota ukungu mweupe pembezoni mwa utepe na hutoa mvumo kuliko sauti. Tatu, bibi, Makka, mkebe na harusi ya Ijumaa vimekaa pamoja vizuri mno. Hii ni kiki ya kuuza wimbo, na kesho mtaona kiungo cha kubofya.

Nahodha Asiye na Chombo
Nami nilishangaa jinsi mtu anavyotumwa risiti ya maji akarudi na wimbo.

Kijana wa Langoni
Mzee wangu, udi ni wangu. Nilisema tangu mwanzo kwamba niliuweka juu. Ukungu upo upande wa pili, na ndiyo sababu upande huo sikuucheza. Kiungo sitaweka. Jambo ambalo sikuwaeleza ni hili: nilipoicheza kanda mara ya kwanza sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, na kadiri upande ulivyokaribia kwisha ndivyo ilivyozidi kupanda, mpaka pembe zikalia kama vijiko. Nikaishusha kidogo kidogo katika kompyuta, na nilipofika nusu-sauti ya tatu nilisimamisha mkono, kwa sababu ghafla ilikuwa ni sauti ile ile inayoniita kila siku nikanywe chai. Hapo ndipo nilipojua ni nani. Awali sikujua, mama alikuwa hajaniambia habari za wasia wala kanda.

Mzee wa Kaseti
Naomba radhi. Hizo ni betri zilizokuwa zikifa. Mashine ikirekodi huku betri zinaisha, mota huenda polepole, na kanda hiyo ikichezwa baadaye kwa umeme kamili, sauti hupanda, na mwisho wa upande hupanda zaidi kuliko mwanzo. Mtunga hadithi asingelijua hilo. Lakini sasa umejifunga mwenyewe: ulisema umepunguza kasi ili asitambulike, kumbe kwa kupunguza kasi ndiko ulikomrudishia sauti yake. Atakayemjua bibi yako atamjua katika beti ya kwanza.

Bi Mkubwa wa Mambrui
Na harusi ya Malindi haikosi watu wa Amu. Mwanangu, nenda kwake leo baada ya Alasiri, wewe na simu yako, umsikilizishe. Huo ubora unaousifu aupime yeye.

Kijana wa Langoni
Nimekwenda. Nilimwekea mara moja, akiwa amekaa juu ya mkeka akichambua mchele, na mikono yake ilisimama. Aliniuliza anayepiga udi ni nani, nikamwambia ni mimi, akasema nachelewa kuingia. Kisha akataja jina la mmoja wa wanaopokea, mtu aliyekwishafariki, akaniomba nirudie hapo tu. Nilirudia mara nne. Hakunigombeza na hakunipa ruhusa. Aliomba kaseti, akaifunga katika pindo la leso yake na kuingia nayo chumbani.

Karani wa Mahakama Mstaafu
Kaseti imerudi, lakini faili liko Malindi.

Kijana wa Langoni
Nimemwandikia dijei tangu Magharibi nikimtaka alifute, na nimemwahidi kumrudishia shilingi 8,000 zake kwa mafungu. Ujumbe umefika; alama zake mbili bado ni za kijivu.