Mtoto ana selimundu, nasi wazazi tu wazima: ugonjwa umetoka upande gani?

Mama wa Mbagala:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi mitatu alivimba viganja na nyayo hata viatu vikakataa kumwingia, akawa analia kila nilipomgusa vidole. Tulipompima tuliambiwa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na mume wangu hatujawahi kuugua ugonjwa huo, na mama mkwe anashikilia kwamba kwao Muheza haupo, hivyo ni lazima umetoka kwetu. Je, ni kweli? Na mbona kaka yake ni mzima?

Mwalimu wa Biolojia, Temeke:
Pole sana, dada. Kila mtu hurithi jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama. Ya kawaida tuiite A, na yenye kasoro S. Mwenye AS ni mbebaji tu, kwa kuwa A yake humtosha, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Ikiwa majibu ya mtoto ni SS, yaani ana S mbili na ndiyo maana anaugua, basi S moja ni yako na nyingine ni ya baba yake. Hakuna wa kulaumiwa peke yake.

Wazazi wawili wenye AS, katika kila ujauzito, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye SS. Nasisitiza kila ujauzito, kwa sababu wengi hudhani kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika, na dhana hiyo imewaumiza wengi. Kaka yake huenda ni AA au AS.

Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa sifa, katika majaribio ya njegere aliyoyachapisha mwaka 1866, alichanganya mbegu za duara na zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza kilitoka cha duara chote, lakini katika kilichofuata mikunjo ilirudi kwa takriban robo ya mbegu. Ilikuwa imejificha, kama S ilivyojificha kwenu.

Muuguzi mstaafu, Ilala:
Mwanangu, usibishane na mkweo. Kaa naye, umuulize kwa upole kuhusu watoto waliofariki wadogo, walioishiwa damu mara kwa mara au waliokuwa na macho ya njano, kwani zamani ugonjwa huu haukutajwa kwa jina lake. Chora ukoo kwenye karatasi: wanaume miraba, wanawake duara, wagonjwa watiwe kivuli. Mbebaji wa AS hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu S imedumu katika maeneo yenye malaria nyingi, Pwani na Tanga zikiwemo. Pimeni nyote aina ya hemoglobini, pamoja na huyo kaka. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kwamba S ipo, havitenganishi AS na SS.

Mama wa Mbagala:
Ahsanteni sana. Jana nilimuuliza mama mkwe. Alinyamaza kitambo, kisha akamtaja mdogo wake wa kike aliyefariki akiwa na miaka minne, mwenye macho ya njano. Duara lake tumelitia kivuli kwa penseli, na mume wangu anakwenda kupima Jumatatu.