Siku nne msitu wa mvua: ziara zipi za kulipia na zipi za kuacha?

Kipepeo_Mweusi (mleta mada)

Habari wakuu. Tuna siku nne kamili kwenye kambi iliyo kando ya mto, ndani ya msitu wa mvua. Watu wazima wawili na mtoto wa miaka 11. Orodha ya ziara tuliyopewa ni hii: matembezi ya asubuhi, boti ya jioni, matembezi ya usiku, daraja la kamba juu ya miti, kuteleza kwenye waya, na "safari ya siku nzima, vivutio vitano". Kila moja ina picha ya ndege wa rangi zote na mnyama mkubwa anayekutazama usoni. Bajeti inatosha nne tu. Mngechukua zipi, na niulize nini kabla ya kulipa?

Hondohondo

Mkuu, kwanza sahau hizo picha. Msitu wa mvua si mbuga ya nyasi. Mwanga unaofika chini ni kama asilimia 2 tu ya ule unaopiga vileleni. Matunda na majani mabichi yako mita 30 kwenda juu, na wanyama wengi wako hukohuko kwenye chakula. Anayetembea chini saa sita mchana ataona vigogo, siafu na mgongo wa aliyemtangulia. Kwa hiyo angalia mambo mawili: saa ya ziara, na mahali ambapo jicho linapata uwazi.

Uwazi mkubwa kuliko wote ni mto, ndiyo maana boti naiweka namba moja. Kwenye mto Kinabatangan, Sabah (Malaysia), kima wenye pua ndefu hurudi jioni kulala kwenye miti ya ukingoni, hivyo boti ya saa kumi jioni inawakuta wametulia matawini. Uliza kama injini huzimwa na kupigwa kasia wakishafika. Boti inayonguruma mwanzo hadi mwisho ni teksi ya majini tu.

Daraja la kamba linategemea saa ya kufunguliwa. Saa 12 asubuhi unakuwa usawa mmoja na ndege wanaokula. Saa nne unabaki na mandhari, tena foleni ya watu nyuma yako inatikisa kamba kiasi kwamba darubini haitulii. Lile la Kakum, Ghana, lina takribani mita 350, kwa hiyo ukiwa katikati na kundi kubwa huna pa kuwapisha.

Kuteleza kwenye waya kutamfurahisha sana mtoto, ila huo ni mchezo, usiuhesabu kama ziara ya wanyama. Na ile ya vivutio vitano ipigie hesabu: saa nane, toa tatu za barabarani na moja ya mlo, zimebaki nne. Gawa kwa tano, kila kivutio kinapata dakika 48, choo kikiwemo.

Tochi_Paji

Naunga mkono hoja ya boti. Ila matembezi ya usiku msiyaache, wanyama wengi wa msituni huamka giza likishaingia.

Kinachoharibu ziara hii mara nyingi ni namna ya kushika tochi. Ukiishika kiunoni hutaona kitu. Iweke kwenye paji la uso au kando ya jicho, ili mwanga unaogonga macho ya mnyama urudi kwenye macho yako. Hapo ndipo utaona vitone vya kijani-bluu vimetapakaa chini kama umande: hao ni buibui. Kando ya maji, kitone chekundu kisichopepesa huwa ni mamba. Ukishamwona mnyama, geuza mwanga pembeni au tumia mwanga mwekundu, usimkazie machoni.

Mwendo ni wa saa moja na nusu hadi mbili, na njia ya mita 300 tu inatosha. Mvua nyepesi isiwatishe, vyura hutoka kwa wingi wakati huo. Upepo mkali ndio sababu ya kuahirisha, kwa kuwa matawi huanguka na gizani huyaoni yakija. Mtoto asishike chura: dawa ya mbu iliyo mkononi inapenya ngozi ya chura.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa: mwongozaji mmoja anachukua watu wangapi? Sita ni wazuri, wanane mwisho. Njia ni ya mtu mmojammoja, na wa kumi akifika panapoonyeshwa, mnyama kashaondoka. Mnaanza kutembea saa ngapi, si kuondoka kambini saa ngapi? Kuna wanyama wanaolishwa au kushikwa ili wapigwe picha? Wakijibu ndiyo, acha. Na anayekuhakikishia kuwa utamwona jagwa (paka mkubwa wa Amerika, anayefanana na chui) au tapiri (mnyama mwenye pua kama mkonga mfupi), mkimbie.

Uliza pia umri. Bwindi, Uganda, kwa mfano, familia moja ya sokwe wa milimani (gorila) hupokea wageni 8 kwa saa moja, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Watu hugundua hili wakiwa wamelipa.

Gambuti

Kuongezea: mleta mada hujataja msimu, na msimu unaweza kugeuza orodha yote. Amazoni ya kati maji hupanda mita 10 au zaidi. Yakijaa, boti inapita katikati ya miti lakini njia za miguu zimezama, na "matembezi ya asubuhi" yanageuka kuzunguka kilima kimoja. Yakipungua, ni kinyume chake. Uliza maji yako wapi mwezi huo.

Darubini chukua 8x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Ile ndogo ya 10x25 inaingia mfukoni, lakini gawanya 25 kwa 10 upate upana wa mwanga unaofika jichoni: milimita 2.5, dhidi ya 5 na kidogo ya 8x42. Chini ya miti tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaona rangi au kivuli. Chumba kikiwa na kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo lenzi zinajaa ukungu dakika ileile ndege anapotua.

Suruali ichomekwe ndani ya soksi (siafu, ruba, kupe). DEET (kemikali iliyo kwenye dawa nyingi za mbu) msipake karibu na darubini, inakula plastiki. Chanjo ya homa ya manjano, kama inahitajika huko, siku 10 kabla au mapema zaidi.

Kipepeo_Mweusi

Asanteni sana. Nimeuliza: daraja hufunguliwa saa mbili asubuhi, watu 12. Boti huzima injini, watu sita. Maji yamejaa.

Hondohondo

Daraja acha. Matembezi ya asubuhi nayo uyabadilishe yawe boti ya pili, mwondoke saa 11 na nusu alfajiri. Matembezi ya usiku yaweke usiku wa kwanza, upepo ukiyavuruga bado mna usiku mwingine. Ya nne, mpe mtoto waya wake, lakini mchana, saa ambazo ndege wamenyamaza.