Naomba ushauri: mkataba wa kuandika vichekesho vya TV

Habari wakuu. Niko Mtwara mjini, naandika miswada ya vichekesho. Kituo kimoja cha Dar kinataka vipindi 13 vya nusu saa. Ukitoa matangazo hubaki kama dakika 22, lakini kurasa za mswada hufika hata 30, maana majibizano ya haraka hula karatasi. Wanataka kulipa kila kipindi kikisharushwa hewani. Kikifutwa, mwandishi anaambulia patupu. Napendelea kulipwa kwa awamu tatu: muhtasari, rasimu ya kwanza, rasimu ya mwisho. Asilimia ngapi kila awamu? Kipindi kikirudiwa hewani, nilipwe kando? Wazo tupu halilindwi kisheria, hivyo rasimu naisajili kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Pia, nidai kifungu cha kushiriki mazoezi? Utani wa lafudhi ya Kimakonde mwigizaji akiukosea, unageuka dhihaka.